Magdalie Hadaiwi Shukrani

Na Mwanachama wa Kidato cha Nne

Ukimwuliza mwanachama yeyote wa chama chetu ni jambo gani lililotuchemsha zaidi mwaka huu, hatakutajia ngonjera wala shindano la mashairi. Atakwambia ni Magdalie. Tulibishana juu ya msichana huyu Ijumaa tatu mfululizo, mpaka mlezi wetu akatishia kutuzimia taa. Na ajabu ni kuwa Magdalie hakuzaliwa na mama yeyote wa dunia hii. Ni mhusika wa riwaya tu.

Riwaya yenyewe inaitwa Hold Tight, Don't Let Go, yaani kama kumwambia mtu "shika sana, usiachilie." Mwandishi wake ni Laura Rose Wagner wa Marekani, na ilitoka mwaka 2015. Ni kitabu cha Kiingereza, lakini sheria ya chama chetu ni kwamba kitabu cha lugha yoyote hujadiliwa kwa Kiswahili, na atakayechanganya ndimi hutozwa faini ya shilingi tano. Kwa hasira zilizokuwapo katika mjadala huu, mweka hazina wetu alifurahi sana.

Kwa wale ambao hawajakisoma, nitadokeza kwa ufupi. Magdalie na Nadine ni watoto wa ndugu waliolelewa kama dada wa tumbo moja katika jiji la Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Mama mzazi wa Magdalie alikwisha kufariki, hivyo mama wa Nadine ndiye anayemwita mama. Mama huyu ni mtumishi katika nyumba ya tajiri. Tarehe 12 Januari 2010, ardhi inatetemeka, nyumba inaporomoka na mama anafia humo humo kazini. Wasichana wanabaki na mjomba katika kambi ya mahema. Kisha Nadine anapata viza kwa kuwa baba yake anaishi Miami, Marekani. Anaondoka akiahidi kwamba atamtumia mwenzake njia ya kumfuata. Magdalie anabaki kambini. Shule haendi kwa kukosa karo. Anasubiri simu, na simu zenyewe zinaanza kupungua. Hapo ndipo hasira inapomjaa: anamkasirikia Nadine, anawakasirikia matajiri, anawakasirikia wageni waliokuja kusaidia, wakati mwingine anamkasirikia hata Mungu.

Hasira hiyo ndiyo iliyotugawa. Upande mmoja, ambao nadhani ndio uliokuwa na watu wengi, ulisema msichana huyu hana shukrani. Alipewa hema, akapewa maji, mjomba akamkubali, naye ni kununa tu kutoka ukurasa hadi ukurasa. Binti mmoja alisimama akapigilia msumari kwa methali: "Shukrani ya punda ni mateke." Ukumbi ukapiga makofi. Upande wa pili, ambao mimi nimo, ulisema Magdalie ana haki ya kukasirika. Lakini muda uliisha kabla hatujaeleza kwa nini, ndiyo maana nimemwomba mhariri anipe nafasi hii. Nasema wazi tangu mwanzo: Magdalie hadaiwi shukrani na mtu. Tena nitakwenda mbele zaidi. Hasira yake ndiyo mlango anaopitia kutoka utotoni kuingia utu uzima, na anayemtaka aufunge mlango huo anamtaka abaki mtoto.

Hebu tuanze na tetemeko lenyewe. Wengi wetu tulisema ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa, basi hasira ya nini? Jamani, tutazame hesabu. Tetemeko la Haiti lilikuwa la kipimo cha 7.0. Wiki sita hivi baadaye, tarehe 27 Februari 2010, nchi ya Chile ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 8.8. Usidhani tofauti ya 7.0 na 8.8 ni ndogo kama alama mbili za mtihani. Vipimo hivi hupanda kwa namna ambayo tetemeko la Chile lilitoa nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti. Sasa waliokufa ni wangapi? Chile walikufa watu mia tano na ushei, wakiwemo waliochukuliwa na mawimbi ya bahari. Haiti, serikali ilitaja zaidi ya 300,000. Wataalamu wengine wanabisha hesabu hiyo, lakini hata makadirio ya chini kabisa ni makumi ya maelfu.

Ni kweli kwamba tetemeko la Haiti lilitokea karibu mno na mji mkuu, na halikuwa na kina kirefu ardhini, ilhali la Chile lilianzia baharini. Hilo nalikubali. Lakini si hilo peke yake. Chile iliwahi kupigwa mwaka 1960 na tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, la kipimo cha 9.5, ikajifunza. Ikaweka sheria za ujenzi na kuzifuata. Haiti mwaka 2010 haikuwa na sheria ya ujenzi iliyosimamiwa nchi nzima. Nyumba nyingi zilijengwa kwa saruji hafifu na nondo nyembamba, sakafu nzito juu ya nguzo dhaifu, moja juu ya nyingine kwenye miteremko ya vilima. Ardhi ilipotikisika, zikaanguka kama sahani zilizopangwa vibaya kabatini.

Basi, msomaji, nakuuliza: kilichomwua mama wa Magdalie ni ardhi au ni ukuta? Ardhi ya kutikisika ni ya Mungu. Ukuta ni wa mwanadamu. Na penye mkono wa mwanadamu pana swali la kuuliza, na mwenye kuuliza swali hilo hawezi kuuliza huku akitabasamu.

Nakuja kwenye shukrani. Wenzangu walisema dunia nzima iliikimbilia Haiti, kwa hiyo Magdalie anatukana mkono unaomlisha. Sikatai kwamba misaada ilikwenda. Ilikwenda kwa wingi, na wako watu waliookolewa nayo. Ila wengi hawakijui kisa cha kipindupindu. Mnamo Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko, ugonjwa huu ulizuka Haiti, nchi ambayo haikuwa ikiujua katika kumbukumbu za watu walio hai. Ulitoka wapi? Uchunguzi ulionyesha ulitoka katika kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, ambao uchafu wao wa choo uliingia katika kijito kinachomwaga maji kwenye mto Artibonite, mto ambao watu wanaufulia na kuunywa. Wakafa watu karibu 10,000. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, Ban Ki-moon, aliomba radhi Desemba 2016, yaani baada ya miaka sita! Kwa miaka hiyo yote mtu wa Haiti aliyefiwa na mtoto kwa kipindupindu alitarajiwa kusema nini? Asante?

Hapo ndipo ninapoirudia ile methali ya punda. Mimi nimelelewa mashambani, na punda nawajua. Punda anayepiga teke hakurupuki tu. Ukimtazama mgongoni, chini ya mzigo, aghalabu utakuta kidonda. Mwenye punda mjinga huchukua fimbo. Mwenye punda mwerevu humtua mzigo kwanza, akatazama. Riwaya hii inatuomba tutazame mgongo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tunaolala kwenye vitanda vya deki vya bweni hatuna ujuzi wa kulala chini ya turubai msimu wa mvua, tope likiingia miguuni, bila mlango wa kufunga usiku.

Upande wa pili wa ugomvi wetu ulikuwa juu ya Nadine. Wako waliosema ni msaliti, amefika Miami akasahau alikotoka. Wako waliomtetea kwa kusema fimbo ya mbali haiui nyoka. Msichana wa shule aliye ugenini angeweza kufanya nini? Mimi nilipenda sana sehemu hii kwa sababu ndiyo iliyo karibu na sisi zaidi. Nani kati yetu hana jamaa aliyekwenda Nairobi, au Saudi Arabia, au Marekani, akaaga kwa kusema "nikifika tu nitakutumia"? Miezi ya kwanza simu kila Jumapili. Halafu mara moja kwa mwezi. Halafu Krismasi. Si kwamba ana moyo wa jiwe. Kule naye ana mwenye nyumba anayedai kodi, ana kazi ya usiku, ana aibu ya kusema kwamba mambo si kama tulivyodhani. Lakini anayesubiri huku hayaoni hayo. Anachokiona ni simu isiyolia.

Mwandishi anaonyesha kwamba kosa la Magdalie, kama analo, si kukasirika bali ni kukosea anwani ya hasira yake. Anampelekea Nadine barua ambayo ilipasa kupelekwa kwingine: kwa umaskini uliompeleka mama kufua nguo za watu, kwa sheria za viza zinazofungua mlango kwa mmoja na kuufunga kwa mwenzake ingawa wamelala kitanda kimoja tangu utotoni. Ukuaji wa Magdalie, kwa maoni yangu, si kuacha kukasirika. Ni kujifunza kumtofautisha aliyemkosea na aliyeondoka tu. Huo ni ukubwa, na wako wazee wenye mvi ambao hawajaufikia bado.

Kuna swali la tatu lililoulizwa na kijana mmoja wa kidato cha tatu, na kwa haki lilikuwa zuri: Je, Mmarekani ana ruhusa gani ya kusema kwa kinywa cha msichana wa Haiti? Ni kweli Wagner si mzaliwa wa Haiti. Lakini alikuwa akiishi Port-au-Prince siku ile, na yeye mwenyewe alifukiwa na kifusi mpaka akaokolewa. Aisifuye mvua imemnyea. Hata hivyo namwunga mkono kijana yule kwa nusu. Aliyefukiwa kisha akawa na pasipoti ya Marekani hakufukiwa sawa na asiye nayo. Kwa hiyo napendekeza chama kisiishie hapa. Haiti ina waandishi wake, kama Edwidge Danticat aliyezaliwa Port-au-Prince na ambaye mwaka huo huo wa 2010 alitoa hadithi ya watoto kuhusu mvulana aliyenaswa chini ya kifusi, Eight Days. Tusome pande zote mbili, tupime wenyewe.

Wengine watasema, wewe mwandishi, Haiti iko mbali, yatuhusu nini? Kwanza, haiko mbali kama mnavyodhani. Tangu Juni 2024, polisi wetu wa Kenya walipopelekwa huko kupambana na magenge ya wenye bunduki, jina la Haiti limekuwa likitajwa katika taarifa zetu za habari. Ila tukiisikia Haiti tunafikiria bunduki tu. Riwaya hii imenionyesha kwamba Haiti kuna wasichana wanaosukana nywele na kugombania nguo kama sisi. Pili, tetemeko si hadithi ya ng'ambo. Tarehe 6 Januari 1928 palitokea tetemeko la kipimo cha 6.9 hapa kwetu Subukia, katika Bonde la Ufa. Wakati ule hapakuwa na maghorofa huko. Leo je? Na sisi hata hatungoji ardhi itikisike. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa kadhaa mtaani Huruma, Nairobi, liliporomoka usiku wa mvua kubwa, wakafa makumi ya watu. Lilikuwa karibu na mto, na lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Hapakuwa na zilizala yoyote. Palikuwa na mwanadamu tu.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike makala haya, maana mengine yote ni njia ya kufikia hapa. Mtakumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024, ambayo yalizifanya shule nchini zichelewe kufunguliwa hadi tarehe 13 Mei. Tangu wakati huo imekuwa desturi katika shule nyingi, yetu ikiwamo, kuchangia wenzetu wanaopatwa na maafa nyumbani: aliyepoteza nyumba kwa maji, aliyeunguliwa, aliyefiwa na mzazi. Ni desturi njema na sitaki iishe. Lakini imeingia tabia moja. Mchango ukikamilika, mwenzetu huitwa mbele ya gwaride. Husimama pale na bahasha mkononi, hupigwa picha, huambiwa aseme neno. Naye hulisema neno lile lile, kwa sauti ndogo, akitazama viatu vyake: "Nawashukuru sana." Makofi. Halafu kwa muhula mzima akicheka kwa nguvu bwenini, utasikia mtu akinong'ona, eti na tulimchangia! Akinunua mandazi mawili, eti na tulimchangia! Akikataa kumwazima mtu kalamu, lo, shukrani ya punda!

Kumbe tulikuwa tunanunua kitu. Kwa shilingi ishirini zetu tulinunua haki ya kumwona mwenzetu akiwa mnyenyekevu mpaka amalize shule. Huo si msaada, hiyo ni biashara, tena ya faida kubwa.

Katika mkutano wetu wa mwisho palitolewa pendekezo kwamba kila anayechangiwa na chama aandike insha ya kutoa shukrani, nayo ichapishwe katika jarida hili. Walioleta pendekezo hilo wana nia njema, nawajua, tena ni marafiki zangu. Lakini ni wale wale waliosema Magdalie hana shukrani, na sasa mnaweza kuona kwa nini nasema mjadala ule haukuwa wa riwaya tu. Tulikuwa tunajadili namna tutakavyomtendea mwenzetu wa dawati la pili. Napinga pendekezo hilo kwa nguvu zangu zote, na nawaomba wanachama walipigie kura ya hapana.

Badala yake napendekeza mambo matatu. Mosi, mchango upelekwe kimya kimya kwa mwalimu mlezi, naye aupeleke ofisini kama karo, bila gwaride, bila bahasha, bila picha. Pili, jina la anayesaidiwa lisitangazwe pasipo yeye mwenyewe kutaka. Tatu, kama mwenzetu huyo ana neno la kusema, liwe la shukrani au la uchungu, ukurasa wa jarida hili uwe wazi kwake kama ulivyo wazi kwa mtu mwingine yeyote. Akitaka kuandika juu ya mpira, aandike juu ya mpira!

Nasikia mtu akisema kwamba nafundisha watu utovu wa adabu. Hasha! Shukrani ni kitu kizuri sana, lakini ni kama maua. Yakitolewa kwa hiari yananukia; yakidaiwa kwa nguvu yanakuwa kodi. Wala sisemi hasira yote ni njema. Hasira isiyo na mahali pa kwenda humla mwenyewe, na Magdalie aliukaribia ukingo huo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeporomokewa na nyumba ana mengi ya kujenga upya, na si kazi yake kutujengea sisi furaha ya kuonekana wema.

Kuhusu mwisho wa riwaya, sitausimulia, mwende mkasome. Maktaba ina nakala mbili, moja haina jalada. Nitasema tu kwamba baadhi yetu waliuona mtamu mno, kama chai iliyozidishiwa sukari, na mimi siwalaumu. Maisha ya kambini hayakunyooka upesi hivyo kwa wengi. Watu wapatao milioni moja na nusu walipoteza makao mwaka ule, na miaka kadhaa baadaye wako waliokuwa bado katika mahema. Tena tarehe 14 Agosti 2021 Haiti ilipigwa na tetemeko jingine, la kipimo cha 7.2, upande wa kusini, na zaidi ya watu 2,200 wakafa. Lakini mwandishi naye ana haki ya kumtakia heri mhusika wake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kura ya pendekezo itapigwa Ijumaa ya kwanza ya muhula ujao, saa kumi na nusu, katika ukumbi wa kawaida. Njoo na kitabu, njoo na hoja, na kama una mazoea ya kuchanganya ndimi, njoo na shilingi tano.